Anayegawa Huchukua Pande la Mwisho

Ukifika Tunduma ukauliza nyumba ya Ikupa Mbonile, watu watakuangalia tu. Uliza Mama Koki. Hapo hata wabadilisha fedha wa mpakani, ambao jina la mwenyekiti wao wa mtaa hawalijui, watakuelekeza mpaka mlangoni. Ni mama wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye magoti yanayolalamika kila akipanda mlima. Begani ana chuma kirefu chenye mkono wa kuzungushia, na chuma hicho kwa miaka ishirini na miwili kimefungua na kufunga maji ya mji. Ukikiona kinapita mtaani kwenu alfajiri, toa ndoo. Usipokiona, rudi ulale.

Maji yetu ni ya zamu. Leo Sogea, kesho Majengo, keshokutwa Makambini, hivyo hivyo mpaka wiki iishe. Mwenye kuzigawa zamu hizo kwa mkono wake ni Ikupa, fundi wa Mamlaka ya Maji Mpakani, shirika la umma lenye ofisi ya vioo vya bluu na bango la kupinga rushwa kwenye kila mlango. Koki zenyewe zimezikwa kila mahali: moja iko chini ya meza ya muuza mitumba, moja imelaliwa na lami, moja iko kwenye uwanja wa kanisa chini ya benchi la kwaya. Mwaka fulani walikuja wataalamu kuchora ramani ya mabomba. Walitembea na Ikupa siku tisa, wao na mashine zao, yeye na kidole chake: hapa, na hapa, na hapa. Walipomaliza, wataalamu wakalipwa mamilioni na Ikupa akanunuliwa soda. Aliinywa, maana ilikuwa baridi na jua lilikuwa kali.

Sasa, kumwelewa Ikupa lazima upande milima ya Ileje mpaka Ibaba, kwa mama yake, marehemu Leah. Nyumba ile nyama ililiwa Krismasi na Pasaka, basi. Na ilipoiva, Leah hakugawa mwenyewe. Alimpa kisu mtoto mmoja, kila sikukuu kwa zamu, na sharti lilikuwa moja: anayegawa huchukua pande la mwisho. Kata utakavyo, lakini wenzako watachagua kwanza. Pasaka moja Ikupa, akiwa na miaka tisa, alikata pande moja nono, akalisukuma ukingoni mwa sinia akidhani hakuna atakayelifikia. Kaka yake Yonathani akalidaka la kwanza kabisa, akamwambia asante dada. Ikupa akabaki na mfupa. Alilia, mama yake akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia siku hiyo mtoto yule alikata nyama kwa haki kuliko hakimu.

Sharti hilo alishuka nalo Tunduma. Mtaa anaoishi, kule Chapwa, hupata maji baada ya mitaa yote. Majirani walimsema mpaka wakachoka.

"Wewe Mama Koki, ufunguo unao mkononi, mbona sisi ndiyo wa mwisho kila wiki?"

"Kwa sababu ufunguo ninao mimi," huwajibu, kisha huinua ndoo yake akajiunga kwenye foleni.

Lakini alikuwa na aibu moja, nayo tuiseme wazi. Kulikuwa na koki namba arobaini na moja, mbele ya geti la nyumba ya mkurugenzi. Koki hiyo haikuwahi kufungwa hata siku moja. Agizo lilitolewa na mkurugenzi wa tatu nyuma: hapa maji yasikatike. Wakurugenzi wakaja, wakahama, nyasi za bustani zikazidi kunawiri, na Ikupa akapita hapo na chuma chake miaka yote akitazama upande mwingine. Alijiambia agizo ni agizo. Rohoni alijua mama yake angemtazama vipi.

Tuje kwenye mishahara, maana hapo ndipo palipooza. Ikupa ni mwajiriwa, baada ya makato anapokea laki tano na ushee. Mkurugenzi wa sasa, Mhandisi Jofrey, ukichanganya mshahara na posho ya madaraka, posho ya nyumba, mafuta, simu, na kitu kiitwacho posho ya samani, eti ya makochi ya sebuleni kwake, anaondoka na milioni sita na laki mbili na zaidi kila mwezi. Chini ya Ikupa kuna wanaume watano wachimba mitaro, vibarua. Hao ni elfu nane kwa siku, na siku isiyo na kazi haina hela. Ikupa aliishia darasa la saba, lakini kugawanya anakujua. Siku moja alipiga hesabu nyuma ya risiti akaona kwamba ili apate mshahara wa mwezi mmoja wa mkurugenzi, kibarua lazima achimbe miaka miwili na nusu. Akairudia hesabu akidhani amekosea.

Hakuna aliyesema walingane. Mhandisi amesoma, ana mzigo wake, apewe chake na ashibe. Lakini miaka miwili na nusu, jamani! Ndani ya shirika moja, linalolipwa na ndoo zilezile za akina mama walewale!

Kati ya wale watano, mkubwa wao ni Aliko, mtu wa Msangano, mpole, mwenye mabega ya kubeba bomba peke yake. Kibarua wa miaka kumi na mmoja. Hebu fikiria, kibarua wa miaka kumi na mmoja! Kuna ndoa hazifiki hapo. Kila baada ya miezi mitatu anasaini karatasi mpya kama mgeni aliyefika jana.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, katikati ya mvua, bomba kubwa lilipasuka karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Aliko akashuka mtaroni, maji kiunoni. Lori moja likasogea, ukingo ukamomonyoka, na bomba la chuma likaanguka likamvunja mguu chini ya goti. Ikupa ndiye aliyeruka ndani akamshika kichwa kisizame. Dereva mmoja Mzambia alitupa kamba huku akipiga kelele "Ba mayo, kamata! Ba mayo!", yaani mama kwa lugha yake, na hivyo ndivyo walivyotolewa, wote wawili wamejaa tope mpaka kwenye meno.

Hospitali walisema mguu unahitaji kuwekewa vyuma, na kazi hiyo inafanyika Mbeya, na gharama yake ni milioni moja na laki nane. Mwajiriwa angetoa kadi ya bima. Aliko alitoa nini? Kibarua hana kadi. Ofisi ilipeleka kreti ya soda na pole. Daktari akamwambia Fides, mkewe, waziwazi: vyuma visipowekwa mwaka huu, mguu utaunga ulivyo, na mumeo hatashuka tena mtaroni.

Fides alimshika Ikupa mkono pale kwenye korido. "Mama, wakimwajiri, si atapata bima?"

"Atapata."

"Basi wamwajiri. Nyinyi si mna kikao chenu?"

Ikupa alisema ndiyo kabla hajafikiri. Akaenda nyumbani akiwa ameahidi kitu ambacho hakuwa nacho.

Kikao chenyewe ni Baraza la Wafanyakazi. Linakaa kila mwaka mwezi wa tatu kupitisha bajeti: wakuu tisa upande huu, wawakilishi wa wafanyakazi kumi na mmoja upande ule. Ikupa alichaguliwa mwaka uliotangulia, na katika Baraza lake la kwanza alisimama akasema vibarua watano waajiriwe kabla posho za wakubwa hazijaongezwa. Walimpigia makofi. Mhandisi Jofrey alitabasamu akasema hoja imepokelewa. Ikupa alirudi nyumbani na posho yake ya kikao, shilingi elfu hamsini, akanunua mbolea ya shamba lake la mahindi, akalala akijua amefanya kazi.

Baada ya ajali ndipo alipokwenda kwa Goodness, mhasibu, binti mwenye adabu asiyeinua sauti.

"Mwanangu, ile hoja yangu ya mwaka jana iliishia wapi?"

Goodness alifungua jalada, akasoma, akamtazama kwa huruma. "Mama, hapa pameandikwa wajumbe wote waliafiki bajeti kama ilivyowasilishwa."

"Nani aliafiki? Mimi nilipinga nimesimama kwa miguu yangu miwili!"

"Sahihi yako hii hapa, mama."

Ilikuwa sahihi yake kweli, ile ya herufi zilizolala. Ilikuwa kwenye karatasi ya posho. Ile inayozungushwa asubuhi kabla ya chai, kila mtu anatafuta jina lake, anatazama kiasi, anasaini, anampa jirani. Juu ya karatasi hiyo, kwa herufi ndogo, palikuwa na kichwa cha habari: Orodha ya Wajumbe Waliohudhuria na Kuafiki Bajeti. Miaka yote hiyo, mabaraza yote hayo, hakuna mwakilishi hata mmoja aliyewahi kukisoma. Nani anasoma juu wakati hela iko chini? Walikuwa wakikubali asubuhi na kubishana mchana, na wakubwa wakiwaacha wabishane mpaka koo zikauke.

Ikupa alitoka pale masikio yakimlia. Alipofika nyumbani aliuona ule mfuko mtupu wa mbolea, ambao sasa ulikuwa na maharage, akaupiga teke. Maharage yakamwagika, akayaokota moja moja huku akijitukana.

Mwezi ule wote aliwafuata wawakilishi kumi waliobaki, mmoja mmoja, nyumbani kwao, si ofisini. Alibeba nakala aliyochukua kwa Goodness. Wengi walipokisoma kichwa kile walitukana, kisha wakasema tuko pamoja. Aliyemsumbua ni Jastin, dereva wa lori la maji.

"Dada Ikupa, wewe watoto wako wamekua. Mimi elfu hamsini ni sare ya shule."

"Najua."

"Sasa nikiiacha, nani atanivalishia mtoto?"

"Na Aliko nani atamvalisha mguu?"

Jastin alikuna kichwa. "Ah, Mama Koki, na wewe! Unamkaba mtu mpaka penalti." Akaingia ndani, akatoka na chai, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Baraza lilifanyika Vwawa, kwenye ukumbi wa hoteli wenye mapazia ya dhahabu na viti vilivyovalishwa vitambaa kama bibi harusi. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu bajeti ilitakiwa kuwa mbele ya bodi, ikiwa na muhtasari na sahihi za Baraza. Ikupa alivaa gauni la kanisani. Kabrasha la bajeti lilikuwa zito, lakini alikuwa amelisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa kumi na nne: wakuu tisa, nyongeza ya posho ya laki nne kila mmoja kwa mwezi. Ukurasa wa kumi na tano: ajira za wachimba mitaro watano, zimeahirishwa kutokana na ufinyu wa bajeti. Kurasa hizo mbili zilitazamana bila kuoneana haya.

Goodness akaizungusha karatasi. Wakuu tisa wakasaini, kalamu za bei zikimeta. Ikafika upande wa wafanyakazi. Wa kwanza akaipokea, akaitazama, akaisogeza. Wa pili hivyo hivyo. Jastin alipoifikia aliiangalia kwa muda mrefu kuliko wenzake, akaisogeza. Karatasi ilifika kwa Ikupa ikiwa nyeupe upande mzima wa wafanyakazi.

Alisimama. Magoti yalilia, hakuyajali.

"Mkurugenzi, naomba nisome kilichoandikwa hapa juu." Akasoma taratibu, kila neno. "Waliohudhuria na kuafiki bajeti. Sasa ni saa tatu na robo. Bajeti haijafunguliwa. Tumeafiki nini?"

Mhudumu aliyekuwa akipanga vikombe aliacha kupanga.

"Mama Ikupa," Mhandisi Jofrey alisema kwa upole, "huo ni utaratibu wa kawaida tu. Saini, tuendelee."

"Siwezi, baba. Mwaka jana nilisaini, na sahihi yangu ikanigeuka."

"Basi acheni posho. Goodness, andika karatasi ya mahudhurio peke yake, wasaini hiyo."

"Mahudhurio tutasaini jioni," Ikupa akasema, "tukishajua tumehudhuria nini."

Wawakilishi wakacheka, si kicheko cha dharau, ni kile cha mtu aliyeshusha mzigo. Mkurugenzi hakucheka. Alianza kueleza. Alieleza miundo ya mishahara, akaeleza ushindani wa soko la wataalamu, akaeleza kwamba mtu mwenye dhamana kubwa lazima atunzwe asije akashawishika. Alieleza vizuri, mtu amesoma. Ikupa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mkurugenzi, sikatai elimu yako. Na sisemi tulingane. Ila kwetu Ibaba, nyumbani kwa mama yangu, anayegawa nyama huchukua pande la mwisho. Hapa nyinyi tisa ndio mmeshika kisu, na nyinyi tisa ndio mmechukua kwanza. Kilichobaki kwenye sinia mnakiita ufinyu wa bajeti."

"Hii si nyama, mama! Hii ni taasisi ya umma!"

"Ndiyo. Na umma ndio wenye mbuzi."

Wee! Jastin alipiga meza mpaka glasi ikalala. Mkuu mmoja wa utawala, mtu wa tai nyekundu, akasimama kwa hasira. "Na huyo Aliko mnayempigania, mnataka shirika liajiri mtu wa magongo?"

Hapo Ikupa alipandwa na hasira, na siku hiyo hakujizuia. "Magongo aliyapata wapi? Aliyapata kwenye sherehe? Aliyapata kwenye mtaro wetu, maji yakiwa kiunoni, ili bomba lenu litengenezwe na nyinyi muoge! Mimi nilimshika kichwa, wewe ulikuwa wapi? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!" Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke mbele yao wote. Kisha akakaa.

Kikao kikaahirishwa kwa chakula cha mchana. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, pilau, na ndizi za nazi. Wawakilishi kumi na mmoja wakatoka nje, wakakaa kwenye ukuta wa maegesho, wakafungua vifurushi vyao: viazi vya kuchemsha na chumvi. Lilikuwa wazo la Ikupa, asije mtu akasema wamekula na kukubali. Jastin alitafuna kiazi huku akinusa upepo wa jikoni.

"Mama Koki, nikifa leo, waambie niliuawa na harufu ya kuku."

Ndipo Mhandisi Jofrey alipotoka, akamwita Ikupa pembeni, penye maua. Hakuwa amekasirika tena. Alizungumza kama mwana na mama.

"Mama, wewe ni mtu muhimu. Umebakiza miaka sita ustaafu. Magoti yako tunayaona. Nimefikiria nafasi ya msimamizi wa mgao: unakaa ofisini, unapanga ratiba, vijana wanatembea. Posho yake laki mbili na nusu kwa mwezi. Naiingiza kwenye bajeti sasa hivi. Na kiinua mgongo chako kitapanda."

Usiseme Ikupa hakutaka. Alitaka sana. Aliiona meza, kiti, miguu ikiwa mahali pakavu. Aliyatazama yale maua mpaka mkurugenzi akadhani amekubali.

"Na wale watano?" akauliza.

"Mwakani. Naahidi."

"Basi na mimi niweke mwakani. Wao kwanza, mimi baadaye."

"Mama Ikupa, usiwe mgumu. Kuna kituo cha pampu kule upande wa Msangano hakina fundi. Sitaki tufike huko."

"Msangano kuna watu, baba. Nao wanakunywa maji." Akamuaga kwa kuinamisha kichwa, akarudi kwenye kiazi chake.

Saa tisa, hakuna. Saa kumi, hakuna. Wakuu walinong'ona, walitoka na simu, wakarudi. Karatasi nyeupe ililala katikati ya meza na hakuna aliyeigusa. Saa kumi na moja kasoro, Goodness, yule asiyeinua sauti, aliinua mkono. Alisema kwa hesabu zake nyongeza ya wakuu tisa kwa mwaka ni milioni arobaini na tatu na ushee, na ajira za watano ni milioni thelathini na sita. Ukiahirisha ukurasa wa kumi na nne, ukurasa wa kumi na tano unalipika wote, na chenji inabaki ya kununua mabuti. Kisha akaketi, uso umemwiva. Mkurugenzi alimtazama, akatazama saa, akatazama karatasi. Jumatatu haikuwa mbali.

"Rekebisha," alisema.

Kurasa zikachapwa upya pale pale. Ikupa alizisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, majina matano, la Aliko likiwa la kwanza. Kichwa kile cha juu kikafutwa, kikaandikwa upya: waliohudhuria. Ndipo wawakilishi wakasaini, na Ikupa akasaini wa mwisho.

Barua za ajira zilitoka mwezi wa saba. Mwezi wa nane Aliko aliwekewa vyuma Mbeya, na Fides alikwenda na kadi mpya akiishika kwa mikono miwili njia nzima. Mwezi wa tisa ikatoka barua nyingine, fupi: Ikupa Mbonile amehamishiwa kituo cha pampu, upande wa Msangano, kuanzia tarehe mosi. Wakubwa hawalipizi wakiwa na hasira, husubiri wapoe. Majirani wa Chapwa walitaka kuandamana, akawakataza. Alilia siku moja, nyumbani, mlango umefungwa. Kisha akaosha uso akaanza kufunga vyombo.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumatano. Alfajiri alimpitia Aliko, ambaye alikuwa anatembea kwa kuchechemea lakini bila magongo, na aliyepewa kazi ya koki. Wakazunguka mji. Alimwonyesha ile ya chini ya mitumba, ile ya benchi la kwaya, ile ya lami. Kila walipofika, Ikupa alimwachia azungushe mwenyewe. Mwisho wakafika kwenye geti lenye maua, koki namba arobaini na moja. Aliko akapita moja kwa moja kama alivyofundishwa na wote.

"Rudi," Ikupa akasema.

"Mama, hii si haifungwi?"

Ikupa alitoa ratiba ya mgao mfukoni, ile yenye muhuri wa mkurugenzi mwenyewe. "Soma. Mtaa huu ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Leo?"

"Jumatano." Aliko akatazama geti, akamtazama Ikupa, akaanza kucheka kwa woga. "Mama, watanifukuza. Barua yangu haijamaliza hata miezi mitatu."

"Wewe shika tochi. Chuma hiki mpaka jioni ni changu."

Koki ilikuwa imekaa wazi miaka mingi mno, kutu imeikaba. Ikupa alining'inia kwenye chuma, magoti yakalia, haikusogea. Akatema mate mikononi, akasema jina la mama yake, akavuta tena. Ikakwaruza. Ikazunguka. Nyuma ya geti, mpira wa kumwagilia nyasi ulikohoa mara mbili, ukanyamaza.

Alifungua daftari la zamu, akaandika: Koki 41 imefungwa kwa mujibu wa ratiba. Nimefunga mimi, Ikupa Mbonile. Akasaini, baada ya kusoma juu ya ukurasa kwanza.

Hazikupita dakika kumi, simu ikalia. Aliko alirudi nyuma hatua mbili kana kwamba simu ingemng'ata.

"Mama Ikupa? Huku kwangu maji yamekatika. Nimejipaka sabuni tayari."

"Pole sana, Mkurugenzi. Leo si zamu yenu. Zamu yenu ni Ijumaa."

"Unasemaje?"

"Ijumaa, baba. Lakini nyumbani kwangu Chapwa kuna ndoo moja imebaki. Njoo na chombo chako, tutagawana."

Akakata simu, akaiweka mfukoni. Kisha akakiinua kile chuma begani kwake, akakitelemsha, akakiweka begani kwa Aliko.